Kukinai, Kususa na Kuchujuka: Kufifia kwa Hamu ya Mpenzi wa Tamthilia ya Game of Thrones

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna hamu ya mpenzi wa muda mrefu wa tamthilia ya kifantasia inavyofifia, kwa kurejelea Game of Thrones (2011–2019). Hoja inayojengwa ni kwamba mpenzi wa aina hii haondoki kwa sababu ameshiba, wala kwa sababu hakupewa mwisho alioutaka, bali kwa sababu sheria za ulimwengu wa kubuni alizofundishwa na watunzi wenyewe zimeachwa kufanya kazi. Vitenzi vitatu vya Kiswahili, yaani kukinai, kususa na kuchujuka, vinatumika kutenganisha hali ambazo kwa kawaida huchanganywa. Aidha, makala yanachunguza mihimili mitatu ambayo kwayo hali hiyo inaonekana wazi: masafa, lugha na sababu za matendo ya wahusika.

1.0 Utangulizi

Tarehe 19 Mei 2019 kituo cha HBO kilirusha sehemu ya 73 na ya mwisho ya tamthilia ya Game of Thrones. Nchini Marekani pekee watazamaji wapatao milioni 19.3 waliitazama usiku huo. Sehemu ya kwanza, iliyorushwa tarehe 17 Aprili 2011, ilikuwa imetazamwa na watu milioni 2.2 hivi. Miezi minne baada ya mwisho huo, msimu wa nane ulitwaa tuzo 12 za Emmy, ikiwamo ya tamthilia bora. Kwa vipimo vya biashara, basi, kazi hii ilifikia kilele chake siku ilipokwisha.

Hata hivyo, mwezi huohuo wa Mei watu zaidi ya milioni moja walitia saini ombi la kutaka msimu huo uandikwe upya. Wengi miongoni mwao hawakuwa watazamaji wa kupita. Walikuwa wapenzi wa siku nyingi, baadhi yao wakiwa wameanza na riwaya ya kwanza ya George R. R. Martin iliyotoka mwaka 1996, miaka 15 kabla ya picha ya kwanza kuonekana kwenye runinga. Swali linalojitokeza si kwa nini watu hawakuupenda mwisho, kwani miisho isiyopendwa ni mingi katika fasihi na haimwondoi msomaji katika kazi nzima. Swali ni kwa nini mtu aliyeishi na kazi kwa miaka 20 huamka siku moja akakuta hana haja nayo tena, hata zile sehemu za mwanzo alizozipenda.

2.0 Vitenzi vitatu na nafasi ya mtendwa

Katika mazungumzo ya kila siku Kiswahili husema mtu huyu “ameishiwa hamu”. Kauli hii ina sarufi yake. Kuishiwa, kama kufiwa na kuharibikiwa, humweka mtu katika nafasi ya kiima bila kumfanya mtenda. Jambo limemkuta. Lakini kauli hiyo haisemi hamu imekwenda wapi, na hapo ndipo vitenzi vingine vinapohitajika.

Kukinai ni kushiba hadi chakula kisitamanike. Chanzo kimo ndani ya mlaji: wali ni uleule, na mtu mwingine akiletewa sinia atakula kwa raha. Mtazamaji aliyekinai amechoka na majoka, vita na njama za wakuu. Angechoka nayo hata kama yangeandikwa vizuri zaidi.

Kususa ni kitu kingine kabisa. Anayesusa bado ana njaa. Anaacha chakula kwa kuwa ametendewa jambo, na anataka aliyemtendea alijue. Kwa hiyo kususa kuna watu wawili ndani yake, na kunabeba matumaini ya kubembelezwa. Waliotia saini ombi la mwaka 2019, hata wale waliotumia maneno makali, walikuwa wanasusa. Mtu aliyekinai haandiki malalamiko.

Kitenzi cha tatu ni kuchujuka, ambacho mitaani hufupishwa kuwa kuchuja, kama inavyosemwa juu ya mwanamuziki ambaye zama zake zimepita. Hapa kiima ni kitu chenyewe: kanga imechujuka. Kitenzi kina kiambishi cha kutendeka, na kama ilivyo kwa vitenzi vingi vya kauli hiyo, hakipokei mtenda anayetanguliwa na kiunganishi na. Kanga huchujuka kwa jua au kwa maji, haichujuki na fulani. Mpenzi anaposema kwamba tamthilia imechujuka, anasema rangi imetoka katika kitu, si katika macho yake, na kwamba hakuna tena wa kugombana naye. Hii ndiyo hatua ya mwisho, na haina kelele.

Hatua hizi haziji kwa mfuatano mmoja kwa kila mtu. Ila kwa mpenzi wa Game of Thrones, mwelekeo ulio wazi ni wa kutoka kususa kwenda kuchujuka, na kukinai hakuonekani sana. Ushahidi wa hili utajadiliwa mwishoni.

3.0 Mapengo na waliyoyajaza

Wanadharia wa upokezi wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser, walieleza tangu miaka ya 1960 na 1970 kwamba matini haikamiliki bila mpokeaji. Jauss alizungumzia upeo wa matarajio ambao msomaji huuleta; Iser alizungumzia mapengo ambayo matini huyaacha ili msomaji ayajaze. Iser aligusia pia riwaya zilizotolewa kwa vipande katika karne ya 19, akiona kwamba kukatizwa kwa hadithi humlazimisha msomaji kuwaza zaidi na hivyo kushiriki zaidi. Kusubiri, kwa mtazamo huu, ni sehemu ya usomaji.

Wapenzi wa kazi ya Martin walisubiri sana. Juzuu ya tatu ilitoka mwaka 2000, ya nne 2005, na ya tano Julai 2011, miezi michache baada ya tamthilia kuanza. Ya sita ilikuwa bado haijatoka tamthilia ilipomalizika. Katika miaka hiyo yote msomaji hakuwa mtazamaji wa nje. Pengo maarufu kuliko yote lilihusu mama yake Jon Snow. Wasomaji walikusanya vidokezo vilivyotawanyika, wakahitimisha mapema kwamba Jon si mwana haramu wa Eddard Stark bali ni mtoto wa Lyanna Stark na Rhaegar Targaryen. David Benioff na D. B. Weiss wenyewe, walipokutana na Martin kuomba ruhusa ya kuitengeneza tamthilia, waliulizwa swali hilohilo: mama yake Jon ni nani? Jibu lao lilikuwa kama mtihani wa kuthibitisha kwamba wamesoma kweli. Watengenezaji walipewa kazi kwa sababu, pamoja na mengine, walikuwa wapenzi.

Tamthilia ilithibitisha jibu hilo mwishoni mwa msimu wa sita, mwaka 2016. Furaha ilikuwa kubwa. Kisha katika msimu wa nane siri hiyo inamfikia Jon, inamfikia Daenerys, inavujishwa na Sansa, na inaishia kuwa chanzo cha wivu na hofu. Anayekabidhiwa ufalme ni Bran, ambaye haki yake haina uhusiano nayo. Inaweza kutetewa kwamba kejeli hiyo ilikusudiwa, na hoja hiyo ina nguvu kiasi. Lakini msomaji aliyelitunza pengo kwa miaka 20 alitarajia liwe na uzito katika hesabu ya mwisho, walau uzito wa kukataliwa kwa hoja. Katika baraza linalomchagua mfalme, jambo hilo halijadiliwi.

4.0 Mwezi mmoja barabarani

Katika sehemu ya kwanza kabisa, Mfalme Robert anawasili Winterfell na, kabla ya kupumzika, anataka kushuka kwenye makaburi. Malkia Cersei analalamika kwamba wamesafiri mwezi mzima, na wafu wanaweza kusubiri. Sentensi hiyo moja inafanya kazi nyingi. Inaonyesha ndoa mbovu. Inaonyesha pia ukubwa wa nchi, na kwamba anayekwenda kaskazini ameacha kiti chake nyuma kwa muda usiopungua miezi miwili. Sehemu ya pili inaitwa kwa jina la barabara hiyohiyo, na inahusu safari tupu: njiani watu wanagombana, mbwa-mwitu anauawa, uadui unazaliwa.

Masafa katika misimu ya mwanzo ni mtunzi msaidizi. Habari huchelewa, na kuchelewa huua. Robb Stark anafanya maamuzi akiwa hajui ndugu zake wako hai au la. Catelyn anakutana na Tyrion katika nyumba ya wageni njiani kwa kuwa barabara ni moja, na kumkamata kwake kunaanzisha vita. Mtazamaji anajifunza jiografia bila kufundishwa, kwa sababu kutoijua kunagharimu uhai wa wahusika.

Fasihi ya Kiswahili ina kipimo chake cha jambo hili. Shaaban Robert alipoiita nchi yake ya kubuni Kusadikika (1951), alichagua kitenzi chenye kiambishi kilekile cha kutendeka. Nchi hiyo inaelea angani, jambo lisilowezekana. Ila baada ya ajabu hiyo moja kukubaliwa, yote mengine hufuata utaratibu: kuna mahakama, kuna mashtaka, na wajumbe wanaotumwa pande mbalimbali hupata taabu za safari na hurudi na kitu au na majeraha. Msomaji anasadiki kwa kuwa nchi inasadikika, yaani ina namna ya kujishikilia yenyewe. J. R. R. Tolkien, katika insha yake juu ya hadithi za mazimwi iliyochapishwa 1947, alilieleza jambo linalofanana: ulimwengu wa pili hukubaliwa kwa kadiri unavyozishika sheria zake, na mara shaka inapoingia uganga huisha.

Mfano unaotajwa zaidi umo katika sehemu ya sita ya msimu wa saba (2017). Jon na wenzake wamezingirwa na jeshi la wafu nje ya Ukuta, juu ya kisiwa kidogo katikati ya ziwa lililoganda. Gendry anakimbia kwa miguu hadi ngomeni. Kunguru anatumwa Dragonstone, kusini sana. Daenerys anapata habari, anaruka na majoka yake matatu, na anafika kabla watu wachache wasio na chakula wala moto hawajafa kwa baridi. Mwongozaji wa sehemu hiyo, Alan Taylor, alikiri hadharani kwamba suala la muda liliachwa katika ukungu, kwa matumaini kwamba msisimko ungelibeba.

Kwa mtazamaji wa kupita, hili ni dogo. Ulimwengu una majoka. Kwa nini kunguru asiruke haraka? Swali hili huulizwa mara nyingi, na linaonyesha kutofahamika kwa utanzu. Ajabu katika fantasia haitoi ruhusa ya kila kitu. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, shujaa hawezi kuuawa isipokuwa kwa sindano ya shaba kitovuni. Kama angeanguka kwa mshale wowote, hadithi yote ingeanguka pamoja naye. Tena, katika Game of Thrones kosa la masafa halikuwa la pembeni. Katika uokoaji huo joka mmoja, Viserion, anauawa na kufufuliwa na Mfalme wa Usiku, na ndiye anayeubomoa Ukuta mwishoni mwa msimu. Ukuta uliosimama maelfu ya miaka unaanguka kwa sababu ya safari isiyoweza kufanyika. Kila kinachofuata katika msimu wa nane kimejengwa juu ya safari hiyo.

Hapa ndipo hamu ya wengi ilipoanza kuvuja, miaka miwili kabla ya mwisho uliolaumiwa. Wakati huo idadi ya watazamaji ilikuwa ikipanda.

5.0 Lugha iliyobaki bila ulimwengu wake

Kwa wasomaji wa jarida la isimu, upande wa lugha una mvuto wa pekee. Mwanaisimu David J. Peterson aliunda Kidothraki kwa ajili ya tamthilia hii kutokana na maneno machache yaliyomo katika riwaya, na baadaye Kivalyria cha Juu. Miongoni mwa lugha zilizotajwa kumchochea katika kuunda Kidothraki ni Kiturki, Kirusi, Kiestonia, Kiinuktitut na Kiswahili. Kivalyria cha Juu, kwa upande wake, kina makundi manne ya nomino yasiyotegemea jinsia ya kiume au ya kike. Mzungumzaji wa Kiswahili aliyezoea ngeli hapati tabu kulielewa wazo hilo.

Lugha hizi hazikuwa mapambo. Katika msimu wa kwanza Daenerys anajaribu kumshawishi Khal Drogo avuke bahari. Drogo anajibu kwamba dunia inakomea kwenye maji ya chumvi, na farasi hawezi kuvuka maji yenye sumu. Kiti cha enzi kwake ni kiti cha chuma tu. Merikebu ni farasi wa mbao. Mtazamaji anaona kwamba kikwazo si umbali pekee, bali namna watu hawa wanavyoigawa dunia katika maneno.

Mfano bora zaidi ni wa msimu wa tatu, Aprili 2013. Huko Astapor, mfanyabiashara wa watumwa Kraznys anamtukana Daenerys kwa Kivalyria huku akidhani hamwelewi. Missandei, mkalimani mtumwa, anayalainisha matusi kila anapotafsiri. Mtazamaji anasoma tafsiri chini ya picha, hivyo anajua kinachosemwa na kinachofichwa. Kisha Daenerys anajibu kwa Kivalyria fasaha, lugha ya mama yake, na inabainika kwamba alikuwa akielewa kila neno. Amri yake kwa joka, dracarys, inafuata. Kinaya hiki kinamlipa mtazamaji makini, kwani ukoo wa Targaryen ulitajwa tangu mwanzo kuwa umetoka Valyria. Kila mtu angeweza kulijua, na karibu hakuna aliyelifikiria. Ni vigumu kupata katika runinga ya karne hii tukio jingine ambamo ukalimani ndio msuko.

Linganisha na msimu wa nane. Ni kweli kwamba katika msimu wa sita Daenerys bado aliwauliza Wadothraki, kwa lugha yao, kama watapanda farasi wa mbao kuvuka maji ya chumvi. Lakini mvuko wenyewe haukuwa na maana yoyote kwao iliyoonyeshwa. Watu walioogopa bahari vizazi na vizazi wanateremka ng’ambo bila mmoja wao kutamka neno juu yake. Katika vita vya Winterfell wanatumwa gizani kwanza, na taa za mapanga yao zinazimika moja baada ya nyingine. Picha ni ya kutisha na nzuri, ila katika sehemu zinazofuata wamo tena kwa wingi. Missandei naye, aliyezungumza lugha 19, anapewa kabla ya kukatwa kichwa neno moja, dracarys. Neno lililokuwa kilele cha fumbo la tafsiri limegeuka kaulimbiu. Kidothraki na Kivalyria viliendelea kusikika hadi hotuba ya mwisho ya Daenerys. Kilichokosekana ni watu wenye mawazo yanayozihitaji lugha hizo.

6.0 Kidokezo na sababu

Lawama kubwa zaidi iliiangukia sehemu ya tano ya msimu wa nane, iliyorushwa tarehe 12 Mei 2019, ambamo Daenerys anauteketeza mji wa King’s Landing baada ya kengele za kusalimu amri kulia. Watetezi wa watunzi huorodhesha dalili za awali: alitishia kuchoma miji huko Qarth, aliwasulubisha mabwana 163 wa Meereen, aliwachoma makhal, aliwachoma Randyll Tarly na mwanawe. Orodha hiyo ni sahihi. Anayesema kwamba ukatili wake haukudokezwa hakutazama vizuri.

Lakini kidokezo na sababu ni vitu viwili. Kidokezo humwambia mtazamaji kwamba jambo linaweza kutokea. Sababu humwonyesha kwa nini linatokea sasa. Eddard Stark anakufa mwishoni mwa msimu wa kwanza kwa mnyororo wa hatua ambazo kila moja ni yake. Anamwonya Cersei kwa huruma ya watoto wake, anampa muda, anamwamini asiyeaminika, na anakiri uongo ili kuwaokoa binti zake. Robb anavunja ahadi ya ndoa kwa akina Frey, kisha anamuua Karstark na kupoteza askari, na kwa hiyo anawahitaji tena waleale aliowavunjia ahadi. Harusi Nyekundu ya Juni 2013 ilimshtua kila mtu asiyesoma riwaya, na baada ya mshtuko kila mtu aliweza kurudi nyuma na kuhesabu. Uchungu wa aina hiyo ulifunga ndoa kati ya kazi na mpenzi wake. Haukuipunguza hamu.

Kwa Daenerys, hasara zote kubwa, yaani Jorah, joka Rhaegal na Missandei, zimebanwa ndani ya sehemu mbili. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi kila mmoja. Wa saba ulikuwa na saba, wa nane sita. Mabadiliko yaliyostahili msimu mzima yalipewa uso wa mwigizaji na sauti ya kengele. Emilia Clarke aliubeba mzigo huo kwa ustadi, na si haki kumlaumu.

Kulikuwa na gharama nje ya skrini pia. Kabla ya siku hiyo mamia ya wazazi nchini Marekani walikuwa wamewapa binti zao jina Khaleesi, cheo cha Kidothraki cha mke wa khal. Jina la mtoto ni ahadi ya muda mrefu kuliko msimu wowote wa tamthilia.

7.0 Waliorudi

Tarehe 21 Agosti 2022 HBO ilianza kurusha House of the Dragon, inayorudi nyuma karibu karne mbili katika ulimwengu uleule. Usiku wa kwanza ilipata watazamaji wapatao milioni kumi nchini Marekani. Majoka yaleyale, njama zilezile, kiti kilekile. Kama wapenzi wa zamani wangekuwa wamekinai, sinia la pili la chakula hichohicho lisingewavuta. Walirudi kwa wingi, hivyo wengi wao walikuwa wamesusa.

Lakini kurudi kwenye ulimwengu si kurudi kwenye kazi. Mpenzi wa siku nyingi anayeifuatilia House of the Dragon kila wiki huenda asiifungue tena Game of Thrones. Akijaribu, anaifurahia safari ya mwezi mmoja kutoka kusini, kisha anakumbuka kunguru wa msimu wa saba, na lalamiko la Cersei linakuwa maneno tu. Katika sehemu ya mwisho Tyrion anawaambia wakuu waliobaki kwamba hakuna mwenye nguvu kuliko mwenye hadithi nzuri, na kwamba hakuna mwenye hadithi nzuri kuliko Bran. Mtazamaji wa siku nyingi anayeyasikia hayo anakumbuka kwamba katika msimu mzima wa tano, mwaka 2015, Bran hakuonekana hata mara moja.